Shajara ya mradi: vikapu vya mama mdogo, posta au kampuni?

14 Juni 2025

Naanza kuandika maana kila tukituma mzigo nje tunaanza moja, utadhani hatujawahi kutuma. Mama mdogo anauza vikapu vya Iringa, vile vya milulu, pamoja na kanga, na siku mojamoja mikoba ya ukili anayoletewa kutoka Unguja. Zamani wateja wake walikuwa wazungu wa Msasani na watalii wapita njia, sasa hivi oda zinaingia Insta na WhatsApp, mara Ujerumani, mara Leeds, mara Muscat, mara Nairobi, mara Marekani, na kwa kuwa mimi ndio mtu wa kompyuta wa ukoo basi kazi ya kusafirisha nikabebeshwa mimi.

Mradi wenyewe mdogo tu. Shiti moja ya Google, unaingiza urefu, upana, kimo, uzito, nchi na thamani ya mzigo, yenyewe inakwambia hii peleka posta kwa rejista, hii EMS (ile posta ya haraka), hii kampuni binafsi, hii mpe basi. Nimejipa wikiendi mbili.

Msimamo wa kila mtu niuweke hapa asije mtu akakana baadaye. Mama mdogo anasema posta, kwisha, yeye barua zake zote za miaka ya themanini zilifika. Mimi nasema kampuni binafsi, unaona mzigo uko wapi na mteja anapigiwa simu. Binamu yangu anayetusaidia kupaki anasema mpe mtu anayesafiri. Hilo la tatu nimelikataa leo hii hii, kumbebesha mtu begi lisilo lake mpaka uwanja wa ndege ni kumtafutia kesi, siku hizi anayekubali ni wa kumwogopa kuliko anayekataa.

21 Juni

Wiki nzima napima vitu. Mizani ya jikoni na futi ya fundi cherehani, nyumba imejaa makaboksi.

Doti ya kanga ni karibu gramu 400. Doti nne zikikunjwa vizuri zinakaa kwenye kifurushi cha sentimita 30 kwa 25 kwa 8, kilo 1.7. Kikapu cha kati kinataka kaboksi ya 30 kwa 30 kwa 30, na ukikiweka kwenye mizani na kaboksi lake ni kilo 1.2 tu. Yaani kikapu chepesi kuliko kanga, nikasema safi, vikapu ndio vitakuwa rahisi kutuma. Wapi!

Makampuni ya kimataifa, DHL Express, FedEx, UPS, hayakutozi kwa mizani peke yake. Wanachukua urefu mara upana mara kimo, wanagawa kwa 5000, jibu wanaliita kilo, halafu wanaangalia kati ya hizo kilo na za mizani ipi kubwa, hiyo ndiyo unalipia. Kanga, 30×25×8 ni 6,000, ukigawa unapata kilo 1.2, mizani inasema 1.7, kwa hiyo unalipa uzito wa kweli, hakuna malalamiko. Kikapu sasa, 30×30×30 ni 27,000, gawa kwa 5000, kilo 5.4. Mzigo wa kilo moja na kidogo unalipiwa kilo tano na ushee! Kile kikapu kikubwa cha nguo chafu ndio usiseme, kaboksi yake ya 40 kwa 40 kwa 35 inatoa kilo 11.2 na ukikinyanyua unakibeba kwa kidole.

Posta wao kifurushi kidogo wanakiweka kundi moja na barua, mwisho kilo 2, na ukijumlisha urefu na upana na kimo isizidi sentimita 90, na upande mmoja usizidi 60. Ukiwa ndani ya hapo mizani ndiyo inaongea, hewa ya ndani ya kaboksi haina bei. Na 30 jumlisha 30 jumlisha 30 ni 90 kamili. Kaboksi yetu ya kikapu cha kati inaingia kama imepimiwa.

Kwa hiyo lile bishano la wiki iliyopita lote tulikuwa tunabishana hewani. Kanga ni swali moja na vikapu ni swali lingine kabisa, ingawa vinatoka duka moja vinaenda kwa mteja mmoja.

22 Juni

Nyongeza fupi. Mama mdogo kaniona nimejikunyata na makaboksi, hakuuliza kitu, akachukua kikapu cha kati akatia kidogo ndani yake, na ndani ya kidogo akatia kile cha kuwekea hereni. "Mwanangu, si umesema wanauza hewa? Basi ijaze." Kaboksi ile ile, kilo 1.8 zote kwa pamoja.

Kuanzia leo nje ya nchi hatuuzi kikapu kimoja, tunauza seti ya vitatu. Saa tatu za fomula zangu zimeshindwa na mtu aliyepanga sufuria kabatini maisha yake yote.

5 Julai

Leo nimeshuka Posta Mpya na mzigo wa majaribio. Mpango: vifurushi viwili vinavyofanana, seti moja moja, vyote vinaenda kwa dada yangu Hamburg, kimoja posta kwa rejista, kingine kampuni binafsi, siku moja. Dada ameahidi kuandika tarehe, saa na kila euro atakayodaiwa.

Mambo ya fomu za forodha, niandike nisisahau. Thamani ikiwa chini ya SDR 300 unajaza CN22, ile ndogo ya kubandika, ikizidi hapo ni CN23 ambayo ni ndefu. SDR ni ile sarafu ya hesabu ya IMF, moja ni zaidi ya dola moja kidogo, kwa hiyo sisi karibu kila mzigo ni CN22. Halafu kuandika "zawadi" au "nguo" au "vitu vya asili" hakutoshi tena. Ulaya tangu Machi 2021 wanataka taarifa za mzigo wa posta zitangulie kwa kompyuta kabla ndege haijafika, Marekani nao walishapitisha sheria yao 2018, kwa hiyo kile unachoandika dirishani kinaingizwa kwenye mfumo na mtu wa huko anakisoma kabla ya kukuona wewe wala kikapu chako. Mwandiko mbaya sasa hivi ni hasara.

Maelezo yetu rasmi nimeyaweka kwenye shiti ya kunakili tu: kikapu kilichosukwa kwa mkono kwa nyasi kavu, kodi ya forodha 4602.19, imetengenezwa Tanzania. Hapo "kodi" ni ile namba ya bidhaa, siyo hela, mama mdogo alishtuka nusu azimie.

Vitu vya majani kuna nchi vinaangaliwa kwa jicho kali, Australia hasa, wanaogopa wadudu na mbegu. Australia nimeiwekea rangi nyekundu kwenye shiti, oda ikija tunaongea na watu wa afya ya mimea TPHPA kwanza kabla ya kupokea hela ya mtu.

24 Julai

Majibu ya Hamburg.

Kampuni binafsi siku nne. Posta siku 17. Bei, ile ya kampuni ilikuwa zaidi ya mara nne ya posta, na nilishaonywa na hesabu ya 5.4 kwa hiyo sikulia sana. Nilipolia ni kwenye kodi ya huko.

Iko hivi. Zamani Ulaya mzigo wa chini ya euro 22 ulikuwa unapita bila VAT, huo mlango ulifungwa 1 Julai 2021, sasa kila kitu kinalipiwa, Ujerumani ni asilimia 19. Kuna mpango unaitwa IOSS kwa mizigo isiyozidi euro 150, muuzaji anakusanya VAT mwenyewe wakati wa kuuza na mteja hasumbuliwi mlangoni, lakini ukiwa nje ya Ulaya kama sisi lazima uwe na wakala aliyesajiliwa kule, na wakala hafanyi bure, kwa biashara ya seti kumi kwa mwezi ni kichekesho. Kwa hiyo mpokeaji ndiye analipa. Sawa. Sasa, hiyo asilimia 19 haihesabiwi kwenye kikapu peke yake, inahesabiwa kwenye kikapu pamoja na nauli. Chukua seti ya euro 45. Nauli ikiwa euro 20, VAT ni ya euro 65, yaani 12.35. Nauli ikiwa euro 80, VAT ni ya euro 125, yaani 23.75. Ukichagua njia ya gharama unalipa nauli halafu unailipia kodi hiyo nauli. Na juu yake kila mbebaji ana ada yake ya kukushughulikia forodhani, posta na binafsi wote wanayo.

Mimi nilikuwa najaza safu ya nauli na safu ya kodi kama vitu viwili visivyojuana. Nimevunja shiti yote nimeanza toleo la pili.

Kichekesho cha siku: dada kapiga simu ananigombeza, eti nimevuruga jaribio, mizigo yote nimetuma kampuni maana hata wa posta umeletwa na gari la njano la DHL. Ikabidi nimweleze kwamba kule kwao Deutsche Post na DHL ni nyumba moja, mzigo wa posta ya Tanzania ukitua Ujerumani unaweza kumalizia safari kwenye gari la njano. Kampuni niliyotumia mimi hata siyo hiyo.

27 Julai

Leo namba za kufuatilia mzigo. Kikaratasi cha posta kina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi, kwetu TZ. RR ni rejista, inayoanza na E ni EMS, inayoanza na C ni kifurushi. Mpangilio huo ni wa dunia nzima, kwa hiyo namba iliyotolewa Dar unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya posta ya nchi inakokwenda, na mara nyingi kule ndio utaona habari mpya kuliko huku.

Juzi mama mdogo alimwandikia mteja namba akageuza 1 kuwa 7, mteja kaitafuta haipo, kaanza maneno ya polisi. Nikakumbuka kwamba tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki. Unachukua nane za mwanzo unazizidisha kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mfuatano, unajumlisha, unagawa kwa 11, baki unaitoa kwenye 11, jibu ndiyo ya tisa (ikija 10 unaandika 0, ikija 11 unaandika 5). Nimeiweka kwenye shiti, ukikosea tarakimu moja karibu kila mara seli inakuwa nyekundu. Hii ndiyo sehemu ya mradi iliyonipa raha kuliko zote na haimsaidii mtu kuchagua chochote.

2 Agosti

Marekani imechafuka. Tarehe 30 Julai rais wao amesaini amri, ule msamaha wa dola 800 unakufa tarehe 29 Agosti kwa nchi zote. China walishaondolewa Mei, tukasema hayatuhusu. Tangu 2016 mzigo wowote chini ya dola 800 ulikuwa unaingia Marekani bila ushuru, kwenye shiti yangu Marekani ilikuwa ndiyo nchi rahisi kuliko zote, mstari mmoja, sifuri. Nimefuta mstari.

Nimesoma amri yenyewe mara mbili na kamusi pembeni. Kwa mzigo wa posta kuna njia mbili na anayechagua ni mbebaji, siyo wewe. Ama asilimia ya thamani kulingana na nchi bidhaa ilikotengenezwa, ama kiasi kimoja kwa kila kifurushi kwa muda wa miezi sita: dola 80 kama ushuru wa nchi hiyo hauzidi asilimia 15, dola 160 kama ni 16 hadi 25, dola 200 kama ni zaidi ya hapo. Tanzania tuko asilimia 10. Kikapu cha dola 45 kwa njia ya kwanza ni dola nne na nusu, kwa njia ya pili ni dola 80. Kikapu kile kile, ndege ile ile.

Na sasa kanga. Wanasema nchi ilikotengenezwa, hawasemi ilikotumwa. Nimeenda kabatini kwa mama mdogo nikaanza kusoma pindo moja moja, nusu ya mzigo imeandikwa Tanzania, nusu imechapwa India. India kuanzia tarehe 27 Agosti inapanda asilimia 50. Doti ya India ikitumwa na posta kutoka Dar kwenda Minneapolis kwa njia ya pili inadaiwa dola 200. Nimemwambia mama mdogo akakaa kimya muda, halafu akasema, "Basi hata kanga inaulizwa kabila?"

Tumetenganisha rafu. Za kwetu kushoto, za India kulia, kulia hakuendi Marekani.

16 Agosti

Wateja wa Marekani wamesikia habari, watatu wameandika kitu kimoja, tuandike "zawadi" kwenye fomu. Ni kweli zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi dola 100 imebaki na msamaha. Ila hii siyo zawadi, na jina la biashara liko Insta na picha na bei. Mama mdogo kawajibu kwa sauti, nimeinakili neno kwa neno: "Dada yangu, zawadi gani ambayo nimeshalipwa?"

Mmoja kakasirika kaondoka. Wawili wamecheka wamesema watasubiri.

30 Agosti

Jana ndiyo ilikuwa siku. Wiki nzima posta za nchi moja baada ya nyingine zimetangaza kusimamisha mizigo ya kwenda Marekani kwa sababu hazijui nani anakusanya ushuru na unalipwaje, Deutsche Post wenyewe walisimamisha vifurushi vya kawaida vya biashara tangu wiki iliyopita huku DHL Express wakiendelea. Mimi sikusubiri kuambiwa dirishani, nimefunga oda za Marekani kwa upande wetu. Kuna seti mbili zimepakiwa tayari ziko chini ya meza, binamu anazitumia kama stuli.

8 Septemba

Umoja wa Posta Duniani wametoa takwimu juzi, barua na mizigo ya posta kwenda Marekani tarehe 29 Agosti ilishuka kwa asilimia 81 ukilinganisha na wiki moja kabla, na posta 88 zimewaambia zimesimamisha huduma yote au sehemu. Leo wanaanza mkutano wao mkuu Dubai na wanasema kuna mfumo wa kuhesabu ushuru kabla mzigo haujaondoka, posta inakata hela kwa muuzaji palepale. Uje. Nautengea safu.

Kwa Marekani sasa shiti inasema kampuni binafsi, maana wao wana watu wao wa forodha na wanalipa kwa asilimia ya thamani. Ila nauli ya kilo 5.4 plus ushuru plus ada yao ya forodha, mteja akipewa jumla anashukuru anaaga.

13 Septemba

Nairobi. Sijui kwa nini niliiweka mwisho wakati ndiyo nchi inayotununulia zaidi.

Hapa wote wawili, posta na makampuni ya ndege, wanashindwa na basi. Unapeleka mzigo ofisi za mabasi Shekilango jioni, unaandika jina na namba ya simu, kesho yake mteja anaenda kuuchukua Nairobi. Hakuna mtu anayegawa kwa 5000, karani anautazama tu anataja bei, na ukiwa na uso wa huruma inashuka. Mpakani Namanga ndio pa kuangalia. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa kwenye orodha waliyokubaliana na hazizidi dola 2,000, zina utaratibu mwepesi na cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani, na hazilipi ushuru wa forodha. Vikapu vyetu vya Iringa havina shida ya kujieleza vimetoka wapi. Kanga za India, tena, ni kesi nyingine.

Ubaya wa basi: ukipotea umepotea. Hakuna namba ya kutafuta, kuna namba ya kondakta. Mwezi uliopita furushi letu moja lilishushwa Arusha kwa bahati mbaya likakaa siku tano chini ya kaunta, tulilipata kwa sababu mama mdogo ana shoga yake anauza chai stendi. Kwenye shiti safu ya "ufuatiliaji" kwa upande wa basi nimeandika: shoga.

27 Septemba

Mteja mpya Toronto, kalipa Jumatano, seti moja, shiti ikasema posta kwa rejista, nikapanga nishuke mjini Ijumaa. Alhamisi usiku wafanyakazi wa posta ya Kanada wamegoma nchi nzima.

Nimekaa na hili siku mbili na nafikiri ndiyo kitu kikubwa nilichojifunza tangu Juni. Ukilipa dirishani Dar hununui huduma ya posta moja, unanunua ya posta mbili. Ya kwetu inaupokea mzigo, inaupandisha ndege, ukishuka kule ni wa posta ya kule, na ile ya kwetu inailipa ya kule kwa kazi ya kukufikishia mlangoni. Ndiyo maana ni bei rahisi, na ndiyo maana pia "posta ni nzuri" au "posta ni mbaya" ni sentensi isiyo na mwisho, nzuri ya wapi? Kampuni binafsi inaubeba mzigo kwa mkono wake au wa wakala wake toka Dar mpaka mlango wa mteja, kwa hiyo mgomo wa posta Toronto yenyewe inausikia kwenye redio.

Shiti yangu ilikuwa na safu moja "posta". Sasa zipo mbili, posta ya kuondokea na posta ya kufikia, na ya kufikia nina kijisehemu cha kuandika hali ya wiki hiyo: iko kazini, imegoma, imesimamisha. Toleo la nne. Mteja wa Toronto tumemwambia ukweli, achague kusubiri au aongeze hela ya kampuni. Kasema anasubiri, ni mtu wa Tanga, hana haraka.

4 Oktoba

Kifurushi cha Leeds kilichotumwa 9 Agosti hakijafika. Trakingi inaonyesha kimeondoka nchini, halafu kimya. Sitaki kumsema mtu maana sijui kimekwama kwa nani kati ya mikono yote iliyokishika.

Nimejaza fomu ya ulizo, CN08, una miezi sita tangu siku ya kutuma, ukipita hapo hakuna wa kukusikiliza. Fidia ya rejista ikipotea ni SDR 30, dola arobaini na kidogo. Ndani mlikuwa na seti nzima, hiyo hela haifikii. Kwa hiyo kanuni mpya: thamani ikizidi dola 40 kwa rejista, tofauti yake tujue tunabeba wenyewe, na ikizidi 120 shiti haikubali rejista hata uibembeleze, ni EMS au kampuni. Hizo namba za kwangu, ni kiasi mama mdogo alichosema anaweza kupoteza bila kukosa usingizi.

Uingereza hata bila kupotea ina kazi. Tangu Januari 2021 mzigo usiozidi pauni 135 VAT yake ya asilimia 20 inatakiwa ilipwe wakati wa kuuza, maana yake muuzaji ajisajili na mamlaka ya kodi ya kule. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni soko ndilo linakusanya, ukiuza Insta ni wewe. Mnunuzi akiwa biashara yenye namba yake ya VAT anakupa namba hiyo na anamalizana nao mwenyewe. Tumepata dada mwenye duka Leicester, anazo karatasi zake, tutamuuzia yeye kwa jumla na wateja wa Uingereza tunawaelekeza kwake. Faida inapungua kwa seti lakini nimefuta mistari kumi na moja kwenye shiti, na kufuta mistari nako kuna utamu wake.

9 Oktoba

Siku ya Posta Duniani leo, siku ule Umoja ulipoanzishwa Bern mwaka 1874. Nimeenda kutuma mizigo ya Muscat.

Muscat nilikuwa sijaiandika vizuri. Wateja wa kule wengi ni Waswahili wenzetu, wanaagiza kanga na mikoba ya ukili, wanataja jina la kanga kwa maandishi yake kabisa, na anwani wanayotoa ni sanduku la posta. Kampuni binafsi inataka mlango na namba ya simu, sanduku peke yake haitoshi, kwa hiyo mara mbili tulituma kampuni ikaishia kumpigia mteja simu aelekeze mtaa mpaka akachoka. Posta inaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Kanga haina hewa, ina uzito wa kweli, iko chini ya kilo 2. VAT ya Oman ni asilimia 5. Hii ndiyo oda ambayo shiti haina hata haja ya kufikiri, na mama mdogo alikuwa anaifanya hivyo hivyo tangu kabla sijazaliwa, nimekubali.

12 Oktoba

Toleo la tano linafanya kazi kwenye simu ya mama mdogo. Yaani anaingiza mwenyewe vipimo. Tumeweka vitufe vitatu tu juu, kikapu, kanga, mkoba, vipimo vinajijaza.

Toronto: tangu jana wamebadilisha mgomo, wanagoma kwa zamu mji kwa mji, kwa hiyo mizigo imeanza kusogea. Nimegeuza hali kutoka "imegoma" kuwa "inajikongoja" na shiti haikulijua hilo neno, imetoa kosa. Kazi ya kesho.

Leeds: bado kimya.

Marekani: zile seti mbili bado ziko chini ya meza. Jana jioni oda imeingia kutoka Minneapolis, yule dada aliyecheka kwenye habari ya zawadi, anauliza kama vimebaki, na yuko tayari kulipa ushuru. Mama mdogo kaingiza vipimo, nchi, thamani, shiti ikaleta kampuni binafsi na jumla ambayo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya vikapu vyenyewe. Akaitazama simu, akaitazama ile kaboksi binamu aliyokuwa ameikalia.

"Mwambie anyanyuke kwanza," akasema, "tupime upya, ameibonyeza."

Tumepima. Kimo kimeshuka sentimita nne, kilo 5.4 imekuwa 4.7. Nimemtumia mteja bei mpya, ameisoma, hajajibu.